Saa Mia na Ishirini: Mjadala wa Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba Kisii na Nyamira

Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambacho Wakenya wengi hukiita P2, ni dawa halali nchini Kenya. Kimesajiliwa, kimetajwa katika miongozo ya Wizara ya Afya kuhusu upangaji uzazi, kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mtu mzima hukinunua dukani bila cheti cha daktari. Mjini Kisii, Keroka, Ogembo na Nyamira kinauzwa waziwazi. Kwa hivyo mjadala unaoendelea katika nchi ya Abagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, hauhusu tena kama dawa hiyo iruhusiwe au ipigwe marufuku. Hilo liliamuliwa zamani. Unahusu nani apewe, apewe na nani, akiwa na umri gani, na kama aliyeimeza amezuia mimba au ameitoa. Swali hilo la mwisho ndilo linalobeba uzito wa mengine yote, na ndilo ambalo majibu yake yamevurugwa zaidi, mimbarini, madarasani na hata zahanatini.

Dawa yenyewe haina makuu. Kiini chake ni levonojestreli, homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni ya mwilini. Imo katika vidonge vingi vya kila siku vya kupanga uzazi, ila hapa kipimo chake ni kikubwa zaidi: miligramu 1.5. Zamani kipimo hicho kiligawanywa katika vidonge viwili, kimoja kikamezwa mara moja na cha pili baada ya saa 12. Ndiyo asili ya Postinor-2 ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungary, ambayo vinywani mwa watu ilifupishwa ikawa P2. Siku hizi inashauriwa kipimo chote kimezwe kwa pamoja. Kabla ya levonojestreli kuenea, madaktari walitegemea njia iliyoelezwa na Albert Yuzpe wa Kanada mwaka 1974, iliyochanganya homoni mbili na kuwatapisha wanawake wengi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la The Lancet uliziweka njia hizo mbili katika mizani, na levonojestreli ikashinda kwa nguvu na kwa upole.

Utafiti huohuo ulitoa takwimu tatu ambazo zingefaa kubandikwa ukutani katika kila zahanati ya Gusii. Miongoni mwa waliomeza levonojestreli ndani ya saa 24, asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa zilizuiwa. Kati ya saa 25 na 48, asilimia 85. Kati ya saa 49 na 72, asilimia 58. Dawa inaweza kutolewa hadi saa 120, yaani siku tano, lakini kila asubuhi inayopita inaipunguzia makali. Kuna pia ulipristali, kidonge cha miligramu 30 kinachohimili vizuri zaidi hizo siku tano, na koili ya shaba, ambayo ikiwekwa na mhudumu mwenye ujuzi ndani ya siku tano huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba na kuendelea kumkinga mwanamke kwa miaka kumi. Ajabu ni kwamba njia hiyo iliyo bora kuliko zote haitajwi kabisa katika ubishi wa hadharani. Watu hubishana juu ya kidonge kwa sababu kidonge hununuliwa na msichana peke yake, bila mtu wa kumwuliza neno.

Jinsi dawa inavyofanya kazi ndipo penye fundo. Mimba haitungwi dakika ileile ya kujamiiana. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi siku tano katika njia ya uzazi ya mwanamke zikingoja yai, na yai likishatoka kwenye ovari huishi muda usiozidi siku moja hivi. Levonojestreli hulichelewesha yai lisitoke, mbegu zikafa kabla ya kukutana nalo. Ikimezwa baada ya mwili kuanza kumwaga kwa wingi homoni ya LH, ile inayoliamuru yai kutoka, haifui dafu. Yai likishatoka, imechelewa. Hii ndiyo sababu hata mwanamke aliyewahi kumeza mapema mara nyingine hushika mimba, na ndiyo sababu kuchelewa kwa siku moja kuna gharama. Aliye na mimba tayari akiimeza, mimba haitoki wala mtoto hadhuriki. Dawa za kutoa mimba, mifepristoni na misoprostoli, ni nyingine kabisa na hufanya kazi nyingine kabisa.

Kwa miaka mingi kijikaratasi kilichowekwa ndani ya pakiti kilieleza kwamba huenda dawa hii pia ikalizuia yai lililorutubishwa lisijipandikize kwenye mji wa mimba. Maneno hayo yaliandikwa kwa tahadhari, si kwa ushahidi, na wapinzani waliyashika kama msumari. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilibadilisha maelezo rasmi ya Plan B One-Step, kidonge cha levonojestreli kinachouzwa huko, na kusema kwamba haifanyi kazi kwa kuzuia kujipandikiza wala haitoi mimba. Habari hiyo ilisikika Washington kuliko Kenyenya. Katika mikutano ya wazazi na katika mahubiri ya Jumamosi na Jumapili, P2 bado huwekwa katika kapu moja na uavyaji mimba, na anayeitetea hujikuta anajibu mashtaka ya jambo jingine.

Uvumi wa pili ni kwamba P2 huleta utasa. Hakuna ushahidi kwamba kuimeza, hata mara kwa mara, kunamwondolea mwanamke uwezo wa kuzaa. Huleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, na hedhi inayotangulia au kuchelewa. Aliyetapika ndani ya saa mbili hupaswa kumeza tena. Kuitumia kila wiki si busara, kwa kuwa ni dhaifu kuliko sindano, vipandikizi au vidonge vya kila siku, na haimkingi mtu dhidi ya virusi vya Ukimwi. Hizi ni hoja za kweli, na wauguzi wanaozitoa wana haki. Utasa ni hoja ya kubuni, ila ina nguvu kubwa mahali ambapo kwa vizazi vingi heshima ya mwanamke imehesabiwa kwa watoto.

Historia hiyo ya uzazi inastahili kutazamwa. Kenya ilianzisha mpango rasmi wa taifa wa upangaji uzazi mwaka 1967, ikiwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Lakini muongo mmoja baadaye, uchunguzi wa 1977–78 ulikuta wastani wa watoto wapatao 8 kwa kila mwanamke nchini, na nyanda za juu za Gusii zilikuwa miongoni mwa sehemu zenye uzazi mwingi zaidi duniani zilizowahi kuchunguzwa. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeanza kazi Gusii katika miaka ya 1950 na kurudi katika miaka ya 1970, aliacha maelezo ya kina kuhusu familia za wakati huo. Uchunguzi wa taifa wa 2022 ulikuta wastani wa kitaifa umeshuka hadi watoto 3.4. Mashamba ya Gusii nayo yamegawanywa na kugawanywa tena: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, Kisii ikiwa na watu wasiopungua 900 kwa kila kilomita ya mraba. Wenye nusu ekari ya chai na ndizi hawahitaji kuelezwa faida ya kupanga uzazi. Kwa wanandoa, mjadala wa Gusii umekwisha kwa sehemu kubwa. Unaowaka ni ule wa wasioolewa.

Hapa desturi ina la kusema. Adabu ya Abagusii inayojulikana kama chinsoni iliweka mpaka mkali kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto: mama hakuzungumza na binti yake, wala baba na mwanawe, juu ya mambo ya mwili. Nafasi hiyo ilikuwa ya bibi na babu, ambao utani wao na wajukuu ulibeba mafunzo ambayo wazazi hawakuweza kuyatamka. Shule za bweni, kazi za mjini na nyumba za kupanga ziliwatenga wajukuu na bibi zao, lakini haya ya wazazi ikabaki palepale. Matokeo yake ni pengo. Wazazi wanasema elimu ya uzazi itolewe nyumbani, na nyumbani haitolewi. Walimu wanasema si kazi yao. Msichana anaipata kwa mwenzake wa chumba kimoja, pamoja na uvumi wote. Anayeshangaa kwa nini muuzaji wa duka la dawa amekuwa mwalimu mkuu wa uzazi kwa vijana wa Kisii aanze kwa kulitazama pengo hili.

Makanisa yamejaribu kuliziba kwa namna yao. Wamisheni wa Kikatoliki walitua Nyabururu na Waadventista wa Sabato Nyanchwa, yote mawili karibu na mji wa Kisii, mwanzoni mwa miaka ya 1910, na hadi leo madhehebu hayo mawili ndiyo yanayotawala maisha ya kidini ya kaunti zote mbili. Hayafundishi jambo moja. Kanisa Katoliki linafuata waraka wa Papa Paulo VI wa Julai 1968, Humanae Vitae, unaokataa vidhibiti mimba vyote visivyo vya asili hata ndani ya ndoa. Askofu wa kwanza wa Jimbo la Kisii, lililoundwa mwaka 1960, alikuwa Maurice Otunga, ambaye baadaye akiwa kadinali na askofu mkuu wa Nairobi aliongoza uchomaji wa kondomu na vitabu vya elimu ya ngono katika bustani ya Uhuru katikati ya miaka ya 1990. Moto ule uliwaka Nairobi, lakini joto lake lilifika katika parokia ambazo yeye mwenyewe alizilea. Waadventista kwa upande wao walipitisha mwaka 1999 tamko la kanisa zima linalokubali wanandoa watumie njia za kuzuia mimba, na wakaacha nje ya ruhusa hiyo ngono ya wasiooana. Kwa hiyo mhubiri wa Nyanchwa na padre wa Nyabururu wakisimama pamoja kupinga P2 kwa wanafunzi, hawasimami juu ya jiwe moja: padre anapinga dawa, mhubiri anapinga uasherati. Mjadala ungekuwa na adabu zaidi kama tofauti hiyo ingesemwa wazi.

Sheria ya nchi ilipita njia yake. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inampa kila mtu, katika kifungu cha 43, haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Kifungu cha 26 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba uavyaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Makanisa mengi yalipinga Katiba katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti mwaka huo kwa sababu ya kifungu hicho, miongoni mwa mambo mengine. Wakosoaji wa P2 hukitaja mara kwa mara, lakini hakiwasaidii: dawa inayozuia yai lisikutane na mbegu haijagusa uhai uliotungwa, hata kwa tafsiri kali kabisa ya Katiba. Sheria ya Afya ya 2017 iliongeza kwamba wanaume na wanawake walio katika umri wa kuzaa wana haki ya kuelezwa na kupata huduma salama, zenye nguvu na za bei nafuu za upangaji uzazi. Mvutano mkali ulikuja kuhusu umri. Sera ya Taifa ya Afya ya Uzazi ya 2022–2032 ilipotolewa, mashirika ya vijana na ya wanawake yaliilaumu kwa kumfungia kijana mlango nyuma ya idhini ya mzazi, na makundi ya kidini yakaisifu kwa jambo hilohilo.

Hoja ya umri isidharauliwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kuridhia ngono, na anayefanya naye ngono ni mnajisi, anayekabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15 ikiwa mtoto ana miaka 16 na kuendelea, miaka 20 ikiwa ana 12 hadi 15, na maisha ikiwa ni wa miaka 11 au chini. Mzazi anayeuliza ni vipi mwanawe wa miaka 15 auziwe P2 bila mtu kuuliza nani amemtenda, anauliza swali la haki. Muuzaji anayetoa kidonge na kunyamaza huenda anamfichia mkosaji. Lakini jibu la kumnyima mtoto kidonge halimfikii mkosaji, linamfikia mtoto. Uchunguzi wa 2022 ulikuta kwamba wasichana 15 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kushika mimba. Miongozo ya kurudi shuleni iliyotolewa mwaka 2020 inamruhusu mama mchanga arudi darasani, na wengi hawarudi, kwa kukosa wa kumlea mtoto na kwa maneno ya watu.

Ubakaji ndio mahali ambapo hoja zote hufikia mwisho wake, na hapo sheria ya Kenya haina utata. Miongozo ya taifa ya kuwahudumia waathiriwa wa ukatili wa kingono ilitolewa kwanza mwaka 2004 na kufanyiwa marekebisho 2009 na 2014. Inaagiza mwanamke au msichana aliyebakwa, aliye katika umri wa kushika mimba, apewe kidonge cha dharura ndani ya saa 120, dawa za kukinga virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na matibabu mengine. Kanuni za mwaka 2012 zinasema matibabu hayo ni bure katika hospitali za umma. Mwathiriwa haambiwi kwanza aende polisi: fomu ya P3, ambayo kwa jina tu inafanana na P2, hujazwa kwa ajili ya kesi, na dawa hazingoji kesi.

Kinachotokea saa hizo zikipita bila msaada kimeandikwa katika hukumu moja iliyoanzia Kisii. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14 kutoka kaunti hiyo, ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi tatu tu, alibakwa na mwanamume mzima akashika mimba. Alitafuta kuitoa kwa siri, mambo yakaharibika. Akapelekwa hospitali kuu ya Kisii. Kutoka huko akahamishiwa hospitali ya misheni ya Tenwek, Bomet. Kutoka Tenwek akahamishiwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, figo zake zikiwa zimeshindwa kazi. Alifariki mwaka 2018. Mama yake, pamoja na Shirikisho la Mawakili Wanawake, FIDA, walikuwa wameishtaki serikali mwaka 2015. Juni 2019 jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu, Aggrey Muchelule, Mumbi Ngugi, George Odunga, Lydia Achode na John Mativo, liliamua kwamba Wizara ya Afya ilivunja Katiba ilipoondoa mwaka 2013 miongozo ya kupunguza vifo vinavyotokana na uavyaji usio salama, na ilipowakataza wahudumu kupata mafunzo ya uavyaji salama mwaka uliofuata. Mama alitunukiwa fidia ya shilingi milioni tatu.

Kesi hiyo ilihusu uavyaji, haikuhusu P2. Inatajwa hapa kwa sababu inaonyesha mpangilio wa mambo: mlango wa kwanza, wa siku tano, ukifungwa, unabaki mlango wa pili ambao katika Kenya ni mwembamba na wenye ubishi mkali zaidi. Utafiti ulioongozwa na Wizara ya Afya na wadau wake ulikadiria uavyaji 464,690 nchini Kenya mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa hospitalini kwa madhara yake. Eneo la Nyanza na Magharibi, ambamo Kisii na Nyamira zimo, lilikuwa miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu. Anayechukia uavyaji kwa dhati ana sababu ya kuipenda P2. Hoja hii ni rahisi mno, na pengine ndiyo maana hutolewa kwa nadra: inawataka wanaopinga uavyaji wakubali jambo ambalo hawajazoea kulikubali, na wanaoutetea wakiri kwamba si kila mkosoaji ni adui.

Suala la hospitali za misheni linahitaji uangalifu. Tabaka, katika South Mugirango, na Christamarianne, mjini Kisii, ni hospitali za Kikatoliki ambazo watu wa madhehebu yote hukimbilia, na zimeokoa maisha ya wengi. Hospitali za namna hiyo hufuata mafundisho ya Kanisa. Lakini mafundisho hayo yenyewe yamesomwa kwa namna tofauti katika suala la ubakaji. Februari 2013, baada ya hospitali mbili za Kikatoliki mjini Cologne kulaumiwa kwa kumkataa mwanamke aliyeshukiwa kubakwa, maaskofu wa Ujerumani walitangaza kwamba hospitali za Kanisa zinaweza kumpa mwathiriwa wa ubakaji kidonge kinachozuia utungisho, mradi si kile kinachoharibu kiinitete. Maaskofu wa Marekani nao katika maagizo yao ya huduma za afya wanakubali aliyebakwa apewe dawa ya kuzuia yai kutoka, ikiwa hakuna dalili kwamba mimba imetungwa. Msimamo huo unalingana na sayansi ya levonojestreli jinsi inavyojulikana leo. Ungejadiliwa wazi katika Jimbo la Kisii, muuguzi wa zamu ya usiku asingeachwa peke yake aamue kati ya dhamiri na mgonjwa.

Upatikanaji wa kila siku una vizingiti vidogo vidogo ambavyo hakuna anayevihubiri. Bei ya kidonge haizidi shilingi mia kadhaa, ila nauli ya boda boda kutoka mlimani hadi barabara ya lami usiku inaweza kuizidi. Katika vituo vidogo vya biashara muuzaji ni jirani, shangazi au mzee wa kanisa, na msichana huona afadhali apande matatu hadi mji asikojulikana, saa zinaenda. Katika eneo lenye Waadventista wengi, baadhi ya maduka hufungwa Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jioni, nazo saa za wikendi ndizo zenye haja kubwa. Hospitali za umma hukaa wazi usiku na mchana, na dawa iliyomo ndani yake hutegemea mnyororo mrefu wa ugavi. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kulivunja shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa upangaji uzazi. Ilionekana wazi jinsi kabati la dawa la zahanati ya Kenya linavyofunguliwa na kufungwa kwa uamuzi wa nchi ya mbali.

Nchi nyingine zimepita njia hiihii kwa mwendo wao. Uingereza iliruhusu kidonge kuuzwa na wafamasia bila cheti tangu Januari 2001. Marekani ilibishana kwa zaidi ya miaka kumi, hadi jaji Edward Korman alipoamuru mwaka 2013 kwamba kuwekea mauzo sharti la umri hakukuwa na msingi wa kisayansi. Honduras ilikipiga marufuku mwaka 2009 na kuondoa marufuku hiyo kikamilifu Machi 2023. Katika nchi jirani ya Tanzania, Rais Magufuli aliwaambia wananchi Septemba 2018 waache vidhibiti mimba, na mwezi huohuo serikali yake ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Kenya haijawahi kufika huko. Hapa kizuizi hakimo katika sheria. Kimo katika saa zinazopotea wakati watu wakibishana juu ya jambo ambalo dawa hii haifanyi.

Mambo machache yako ndani ya uwezo wa serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali tangu 2013, na hayahitaji kusubiri bunge. Kila hospitali ndogo na kituo cha afya kinaweza kuwa na dawa za mwathiriwa wa ubakaji zilizokwisha kufungwa pamoja, tayari usiku wowote. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao kitaifa ni 100,000 tangu mpango wao ulipozinduliwa upya Septemba 2023, wanaweza kufundishwa tofauti ya kuzuia na kutoa mimba na kuipeleka hadi mlangoni kwa bibi, ambaye bado ana ruhusa ya desturi kumwambia mjukuu. Wauza dawa wanaweza kutakiwa, mtoto anapokuja kununua, wampe kidonge na kumwelekeza mahali pa kusaidiwa, badala ya kumfukuza au kumuuzia na kunyamaza.

Kwa msomaji wa Kisii au Nyamira, la kushika ni hili: aliyebakwa aende hospitali ya umma mara moja, bila kuoga wala kufua nguo alizovaa. Matibabu hayalipiwi, hayasubiri ripoti ya polisi, na P2 hutolewa hadi saa 120 tangu tendo, ikiwa na nguvu zaidi katika zile 24 za kwanza.